Goti limekatika kano, je, niuze viatu vya mlima? Jibu langu kwa mwenzetu wa Bamburi

Mdogo wangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Uliteleza Shimba Hills, goti likalia "tap", sasa wiki ya tatu uko ndani, kikundi chenu kinajiandaa kwenda Mlima Kenya bila wewe, na unauliza kama uuze viatu na begi. Usiuze. Nimepita njia hiyo hiyo.

Mimi niliumia Kasigau, tukishuka upande wa Bungule. Mlima ule unapita mita 1,600, huko juu kuna msitu wa ukungu na mawe yanayoteleza. Kupanda hakukunisumbua. Tulipokuwa tunateremka, wayo ulikwama kati ya mawe mawili na mwili ukageuka peke yake. Mlio niliusikia kabla ya maumivu. Wenzangu walinibeba kwa zamu hadi kijijini, tukafuata barabara ya vumbi mpaka Maungu, na tulipofika Mombasa goti lilikuwa limejaa kama dafu.

Zahanati niliyofikia walinipiga eksirei, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, wakanipa vidonge. Nikaamini. Eksirei inaonyesha mfupa, kano haionekani humo. Kwa hiyo kama goti lako linakukwepa unaposhuka ngazi, jibu la eksirei lisikutoshe. Muone daktari wa mifupa ajaribu goti kwa mikono yake, na akiona haja akuandikie MRI, picha inayoonyesha hata kano. Mimi ndipo nilipojua kuwa ile kano ya katikati ya goti, ambayo wapenzi wa soka wanaijua kwa jina la ACL, imekatika.

Na la nyumbani nalo niliseme, maana najua litakufika. Shangazi yangu alimleta mkandaji siku ya tatu, na mafuta yake ya karafuu. Nyanya yangu mwenyewe alikuwa mkandaji, nawaheshimu. Lakini goti bichi ambalo lina damu ndani halikandwi. Asubuhi yake lilikuwa limevimba upya na siwezi hata kulala ubavu. Siku hizo za mwanzo ni kupumzisha, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji, na mguu juu ya mito. Wakija wazee na nia njema, washukuru, uwaombe wakusomee dua.

Daktari hakukubali kunipasua mpaka goti linyooke na uvimbe ushuke, kwa hiyo mazoezi yalianza miezi miwili kabla ya upasuaji. Si kila mtu hupasuliwa. Wapo wanaotengemaa kwa mazoezi tu, hilo mtaamua na daktari wako. Ila usikadirie kwa wiki. Mimi niliambiwa miezi 9 baada ya upasuaji ndipo tuanze kuzungumza habari za mlima. Nililia pale pale mbele ya daktari. Paja langu lilikuwa limenywea hata kwa macho unaliona, nililipima kwa futi ya fundi cherehani kila Ijumaa, na zile nusu inchi zinazorudi zilinitia nguvu kuliko maneno ya mtu yeyote.

Nakaa Likoni, na mtaalamu wa viungo yuko kisiwani, kwa hiyo mara tatu kwa wiki nilishuka ule mteremko wa feri na magongo, watu wakinipita mbio. Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu hasa. Mimi niliyekuwa natangulia wenzangu kupanda, nilikuwa nashindwa na mteremko wa kivuko. Siku moja mzee mmoja mwenye mkokoteni wa madafu alisimama nyuma yangu, akatanua mikono watu wasinisukume, tukashuka pole pole pamoja hadi ndani. Hakusema neno. Sijamsahau.

Kilichonisaidia zaidi ni bahari, na wewe unayo mlangoni. Mshono ulipofunga kabisa na daktari akaruhusu, nilianza kutembea majini pwani ya Shelly. Maji yakikufika kiunoni, mguu unabeba karibu nusu tu ya uzito wako. Yakifika kifuani, chini ya hapo. Nilikuwa nakwenda yakianza kupwa, palipo na mchanga, na raba miguuni kwa ajili ya miiba. Dakika 15, kisha 20, mbele na nyuma. Kusi likivuma mwani unajaa ufuoni na mawimbi yanasukuma, siku hizo nilibaki nyumbani na ngazi zangu. Mchanga mkavu uogope kwanza, unapindisha goti. Tembea ule uliolowa, ni mgumu.

Kuhusu kikundi: usitoke kwenye kikundi. Mimi nilizima simu mwezi mzima kwa sababu kila picha ilinichoma, na mwezi ule ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Baadaye niliomba kazi. Nikawa mtu wa kupanga gari, kuhesabu watu, kuweka sanduku la dawa. Walipokwenda maporomoko ya Sheldrick, kule kule Shimba Hills, nilibaki juu kwenye gari. Nilishateremka pale mara sita na sikuwahi kumwona palahala, yule swala mkubwa, na Kenya nzima mnyama huyo yuko Shimba Hills tu. Siku ile walitoka wanne vichakani, dume mweusi mbele na pembe zake zilizopinda nyuma. Nilimtazama huku machozi yananitoka. Bado nilitaka kuwa kule chini na wenzangu.

Utakaporudi, jihadhari na kushuka. Ukishuka, paja ndilo breki, na paja likichoka goti ndilo linalolipa. Chukua fimbo mbili. Na jua kwamba woga utakawia kuliko kidonda: goti langu lilishapona, lakini kila nikiona mawe mawili yamekaribiana nilisimama. Wenzangu walinisubiri.

Jumamosi asubuhi huwa niko Shelly bahari ikiwa shwari. Vuka feri uje, magongo usiyaache, na viatu vile vifute vumbi uviweke mahali unapoviona.