Uboho wa mdogo wako: anzeni na tumbo moja

Pole sana dada. Nimekuelewa: mdogo wako ana lukemia (saratani ya damu), daktari ametaja kupandikizwa uboho, na ukoo umetawanyika Newala, Masasi na Lindi. Unauliza mtoaji apatikane wapi.

Anzeni na ndugu wa baba mmoja, mama mmoja. Kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye kikamilifu. Mkiwa wanne bila yeye, nafasi ya kumpata angalau mmoja ni karibu 68%. Kinachopimwa ni HLA, yaani alama za kinga zilizo juu ya chembe za mwili, kwa damu au ute wa shavuni. Kundi la damu si kigezo, kwa hiyo msimwache mtu kwa sababu yeye ni B na mgonjwa ni O.

Wote wakikosa, mzazi au mtoto wa mgonjwa hulingana naye nusu, na siku hizi nusu hiyo hutumika. Muulizeni daktari wazi, maana orodha za watoaji wa nje zina Waafrika wachache: Marekani, mgonjwa mweusi hupata anayelingana kikamilifu mara 29 kati ya 100, mzungu 79.

Jambo moja huharibu bila watu kujua: ndugu wa damu wasimchangie damu kabla ya upandikizaji. Mwili wake unaweza kujenga kinga dhidi yao, kisha ukaukataa uboho wao. Damu itoke kwa majirani na marafiki.

Mtoaji hapasuliwi. Mara nyingi huchomwa sindano siku 4 hadi 5, kisha mashine huchuja chembe za uboho kutoka kwenye damu ya mkononi kwa saa kadhaa.

Homa ya mgonjwa ikifika 38, msingoje asubuhi: mpelekeni hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) usiku huohuo.