Kabla hujachomoa kadi ya ruta

Ruta, kifaa kinachoelekeza data kati ya mitandao, hubeba kadi: bao zenye milango ya kuchomekea nyaya. Kadi ya kwanza niliyoichomoa peke yangu kazini ilikuwa nzima. Mbovu ilikuwa jirani yake. Ilikuwa saa nane usiku, muda tuliopewa wa matengenezo unayoyoma, na maelezo ya kazi yalisema kadi mbovu iko sloti, yaani tundu la kadi, namba 3. Nikahesabu kwa kidole kutoka kushoto: moja, mbili, tatu. Nikavuta. Taa zote za kadi ile zikazimika, na haikupita dakika simu ikaanza kuita. Ruta ile huanza kuhesabu sloti zake kwenye 0, kwa hiyo ya tatu kutoka kushoto ilikuwa namba 2, na juu yake walikuwapo wateja ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Kosa la pili lilinifunza zaidi. Kwa hofu niliirudisha kadi palepale, kwa nguvu, kana kwamba nikiwahi hakuna atakayejua. Lakini kadi ikishatoka imetoka. Hata ukiirudisha baada ya sekunde mbili itachukua dakika kadhaa kuwaka upya, na ruta nayo inahitaji muda wa kumaliza kuhesabu kwamba imeondolewa. Haraka yangu ilizaa kadi iliyokwama katikati ya kuwaka. Nililazimika kuitoa tena, kusubiri, na kuiweka upya.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, usianzie kwenye bisibisi. Anzia kwenye swali hili: je, ruta hii inaruhusu kadi kutolewa ikiwa inawaka? Usiulize kwa jumla jumla. Uliza kwa modeli hiyo na kadi hiyo. Ruta kubwa zenye sloti nyingi kwa kawaida zinaruhusu. Ruta ndogo za zamani, kama zile za Cisco zinazotumia kadi ndogo za WIC, haziruhusu: unazima umeme kwanza. Mwongozo wa mtengenezaji unasema wazi, na kuusoma mchana ni rahisi kuliko kuutafuta kwenye simu usiku.

Hata inaporuhusiwa, iage kadi kwanza kwa amri. Kwenye Juniper, kwa mfano, utaandika "request chassis fpc slot 3 offline". Kwenye Cisco za ISR 4000, "hw-module subslot 0/1 stop". Faida ya kwanza ni kwamba ruta inaacha kuitumia kadi hiyo kwa utaratibu. Faida ya pili, ambayo mimi naithamini zaidi, ni kwamba taa ya kadi inabadilika mbele ya macho yako. Chomoa kadi ambayo taa yake umeizima wewe mwenyewe. Kibandiko chenye namba ya siriali mara nyingi kiko kwenye ubao wenyewe, hukioni mpaka kadi itoke, kwa hiyo taa ndiyo shahidi wako. Kama taa iliyozimika siyo ya kadi uliyokuwa umeikazia macho, simama hapo hapo.

Jambo jingine ambalo wengi hulijifunza kwa kuumia: umeingia kwenye ruta kwa njia gani? Kama umeingia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, na trafiki yako inapitia kwenye kadi unayotaka kuitoa, utakuwa umekata tawi ulilolikalia. Chomeka kebo ya konsoli, ile inayounganisha kompyuta yako na ruta moja kwa moja, na uhakikishe inafanya kazi kabla ya kugusa chochote. Nakala ya mipangilio nayo ihifadhiwe nje ya ruta. Iliyo ndani ya ruta ileile haihesabiki. Kisha chukua picha ya hali ilivyo: milango ipi iko juu, majirani wangapi wa BGP au OSPF (itifaki ambazo ruta hutumia kupeana njia), makosa mangapi kwenye kila mlango. Usipofanya hivyo, baadaye utabishana na kumbukumbu yako kuhusu kama mlango wa 7 ulikuwa umezimika tangu mwanzo.

Kadi mpya ichunguzwe siku kadhaa kabla. Je, ni aina ileile? Ikiwa ni aina ileile, mipangilio ya milango kwa kawaida hurudi yenyewe. Ikiwa ni tofauti, majina ya milango yanaweza kubadilika na mipangilio ya zamani isiwe na pa kukaa. Angalia pia kama programu iliyomo kwenye ruta inaitambua kadi hiyo. Kadi mpya kwenye programu ya zamani inaweza kukaa pale kama kipande cha bati.

Sasa umeme tuli. Huu watu huupuuza kwa sababu hauonekani. Mwili wa mtu huanza kuhisi mshtuko wake kwenye volti 3,000 hivi, lakini vipo vipuri vinavyoharibika kwa volti chini ya 100. Maana yake unaweza kuiua kadi bila kusikia hata mwasho. Mbaya zaidi ni kuijeruhi: inawaka vizuri, unaondoka unafurahi, halafu baada ya wiki kadhaa inaanza vituko. Vaa mkanda wa mkononi, ugusane na ngozi, si juu ya shati, na ncha yake ishike chuma kitupu cha ruta au tundu lililowekwa kwa kazi hiyo, si sehemu yenye rangi. Mkanda halisi una kizuizi cha ohmu milioni moja ndani yake ili kukukinga wewe, kwa hiyo usijitengenezee wa kwako kwa waya mtupu. Kadi ishikwe kingo na vishikio, na ikae ndani ya mfuko wake. Nasema ndani. Kuilaza juu ya mfuko si kuilinda.

Nyaya: lebo kwanza, picha pili, ndipo uzichomoe. Kwa fiba, nyaya zinazobeba mwanga, funika ncha mara moja na usichungulie ndani hata kwa mzaha, kwani mwanga wa nanomita 1310 au 1550 hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza. Kabla ya kuchomeka tena, safisha ncha. Fiba nyingi zinazodhaniwa kuwa mbovu baada ya kazi kama hii zina vumbi tu.

Kabla ya kuingiza kadi mpya, mulika tochi ndani ya sloti. Pini iliyopinda kule nyuma ni msiba wa ruta nzima, maana kadi hubadilishwa kwa dakika chache lakini ubao wa nyuma, ambao kadi zote huchomekwa, hauchomoki hivyo. Iweke kwenye reli zake, isukume polepole, na ukihisi inagoma, itoe utazame. Vishikio vya pembeni ndivyo vinavyoikalisha, vyote viwili kwa pamoja. Skurubu ni za kuifunga tu. Usizitumie kuivuta ndani. Kama kadi mpya haipo, ziba sloti kwa kifuniko chake. Tundu lililoachwa wazi linapoteza mkondo wa hewa, na kadi jirani zinaanza kupata joto.

Halafu subiri. Hapa ndipo mikono huwasha. Taa ya njano kwa dakika tano haimaanishi kadi imekufa. Soma logi, usivute. Na kama unabadilisha kadi mbili, ya kwanza iwake kabisa kabla hujaigusa ya pili.

Ikishawaka, linganisha na ile picha ya mwanzo, kisha kaa nusu saa ukiangalia kama makosa ya CRC, yaani data inayofika ikiwa imeharibika, yanapanda. Kama kadi uliyoitoa ndiyo ya udhibiti, ile inayoiendesha ruta nzima, ina mipangilio na nywila ndani yake. Isirudishwe kwa mtengenezaji bila kufutwa. Na yoyote ile, iandike "mbovu" kwa kalamu nene, na tarehe, na dalili zake. Sisi tulikuwa na kadi iliyorudi kimyakimya kwenye rafu ya akiba. Niliipachika mara mbili, miezi minne ikipita katikati, kabla ya kugundua ni ileile.