Kusawazisha mlinganyo wa kikemikali: fomula kwanza, namba baadaye

Wengi wanaokwama kwenye kusawazisha milinganyo, yaani kufanya atomu za kila elementi zilingane pande zote mbili za mshale, hawana shida na hesabu. Shida iko hatua moja nyuma, kwenye fomula. Fomula moja ikikosewa, unaweza kujaza ukurasa mzima kwa namba na mlinganyo usikae. Au ukakaa vizuri kabisa, kumbe unaeleza mmenyuko usiokuwepo. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana hutalishtukia.

Anza kwa maneno: magnesiamu + oksijeni → magnesiamu oksaidi. Kushoto ni vitu vinavyomenyuka, kulia ni mazao. Kisha geuza kila jina liwe fomula, moja moja, bila kutupia jicho upande wa pili wa mshale.

Hapa unahitaji valensi, yaani namba inayoonyesha uwezo wa atomu kuungana na nyingine. Aluminiamu ina 3, oksijeni 2. Zipishanishe, valensi ya kila moja iwe namba ndogo ya chini ya mwenzake, upate Al₂O₃. Magnesiamu na oksijeni zote zina 2, kwa hiyo Mg₂O₂ inarahisishwa kuwa MgO. Chuma kina valensi zaidi ya moja, ndiyo maana jina hubeba namba ya Kirumi: chuma(II) oksaidi ni FeO, chuma(III) oksaidi ni Fe₂O₃. Jina likisema III, usiandike FeO kwa sababu tu ni fupi.

Elementi saba huandikwa atomu mbilimbili zinapokuwa peke yake: H₂, N₂, O₂, F₂, Cl₂, Br₂ na I₂. Zikiwa ndani ya kampaundi, sharti hilo halipo. Huko valensi ndiyo inayoamua. Kuandika O badala ya O₂ ni kosa dogo kwa macho, lakini linaharibu kila hesabu inayofuata.

Fomula zikishakuwa sahihi, namba ndogo za chini haziguswi tena. Chukua H₂ + O₂ → H₂O. Kulia kumepungua oksijeni moja, na mkono unawasha kuandika H₂O₂. Atomu zitalingana, ila hayo si maji tena. Ni haidrojeni peroksaidi, kemikali ya kupaushia. Unachoruhusiwa kubadilisha ni namba ya mbele, inayohesabu molekuli: 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Sababu ya kulinganisha ni kwamba mmenyuko hupanga atomu upya tu, hauziumbi wala hauzipotezi. Ndiyo maana Antoine Lavoisier, Mfaransa wa karne ya 18, alisisitiza kupima uzito wa vitu kabla na baada ya mmenyuko. Katika 2Mg + O₂ → 2MgO, gramu 48 za magnesiamu huungana na gramu 32 za oksijeni, zikatoa gramu 80. Usidanganywe na kuni inayobaki majivu mepesi: sehemu kubwa yake imeondoka kama gesi.

Utaratibu wa kusawazisha una siri moja: anza na elementi inayoonekana katika fomula moja tu kila upande, na iliyosimama peke yake iache mwisho. Propani ikiungua, C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O, kaboni 3 zinadai 3CO₂, haidrojeni 8 zinadai 4H₂O. Sasa hesabu oksijeni kulia: 6 na 4, jumla 10, basi 5O₂. Anayeanza na oksijeni atazunguka mpaka achoke.

Butani, C₄H₁₀, huwatisha watu: unapata 4CO₂ na 5H₂O, oksijeni 13, yaani 6½O₂. Hujakosea. Zidisha namba zote za mbele kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Kundi la atomu lisilovunjika, kama SO₄ au OH, lihesabu zima:

Al₂(SO₄)₃ + 3Ca(OH)₂ → 2Al(OH)₃ + 3CaSO₄

SO₄ ni 3 kila upande, OH ni 6. Kuhesabu oksijeni moja moja hapa ni kujitesa.

Mwishoni hesabu kila elementi upya, na kama namba zote za mbele zinagawanyika, zigawanye: 4H₂ + 2O₂ → 4H₂O ni 2, 1, 2. Ongeza hali za vitu: (s) yabisi, (l) kimiminika, (g) gesi, (aq) kilichoyeyuka katika maji.

Halafu jiulize kama mmenyuko wenyewe hutokea. Cu + 2HCl → CuCl₂ + H₂ umesawazishwa bila dosari, lakini ukitumbukiza shaba katika asidi hidrokloriki iliyozimuliwa hutaona hata povu moja, kwa kuwa shaba iko chini ya haidrojeni katika mfululizo wa utendaji wa metali, orodha inayoanza na metali zinazomenyuka kwa nguvu zaidi. Zinki iko juu ya haidrojeni, nayo huitoa kwenye asidi:

Zn(s) + 2HCl(aq) → ZnCl₂(aq) + H₂(g)