Mchango mkubwa hauombwi ukumbini: niliyojifunza katika ofisi ya wahitimu wa chuo cha afya

Mwaka wangu wa kwanza katika ofisi ya wahitimu ya chuo kimoja cha sayansi za afya, tuliandaa chakula cha usiku hotelini Dar es Salaam. Tulikodi ukumbi, tukaleta bendi, na mshereheshaji akawa anaita majina na kutangaza ahadi kama ilivyo kwenye vikao vya harusi. Ahadi zilifika shilingi milioni 84. Watu walipiga makofi, mkuu wa chuo akashukuru, nasi tukarudi nyumbani na furaha. Miezi sita baadaye zilikuwa zimeingia milioni 19, na ukumbi, chakula na bendi vilikuwa vimekula milioni 14.

Nilikaa na daftari la ahadi nikipiga simu, jina baada ya jina. Daktari mmoja wa watoto, mtu niliyemheshimu tangu nilipokuwa mwanafunzi wa maabara, aliniambia hivi: "Mdogo wangu, nilitaja milioni mbili kwa sababu jirani yangu wa mezani alitaja moja na nusu. Hakuna aliyeniambia ni za nini."

Nimeifanya kazi hii miaka 11 sasa, na kila nilichofanikiwa kinatokana na kauli ile. Mchango mkubwa hutolewa na mtu mmoja, akiombwa na mtu anayemfahamu, kwa ajili ya jambo moja ambalo yeye mwenyewe alilikosa au alilipenda enzi za uanafunzi wake. Mchango wa harusi una nguvu nyingine kabisa: leo nakuchangia wewe, kesho utanichangia mwanangu, na tarehe ya shughuli inajulikana. Chuo hakina mtoto wa kuoza. Ukikiombea kwa mtindo wa kamati ya harusi utapata ahadi za kulinda heshima mbele ya watu, na ahadi za namna hiyo hufa asubuhi.

Kosa letu la pili lilikuwa kuwatazama madaktari bingwa peke yao. Chuo cha afya kinatoa wauguzi, wafamasia, wataalamu wa maabara, wa mionzi, wa afya ya mazingira. Orodha yetu ya "watu wa kuwaendea" ilikuwa na majina 40, yote ya madaktari, wengi wao wakiwa waajiriwa wenye mikopo ya nyumba na ada za watoto. Mwaka wa tatu nilikwenda Mwanza kwa shughuli nyingine, na mhitimu mmoja akanitajia mwenzao aliyesoma famasia, anayeuza dawa kwa jumla karibu Kanda ya Ziwa nzima. Nilimkuta ghalani, amevaa kanzu, anahesabu maboksi na vijana wake. Nilipotaja jina la chuo aliweka kalamu chini. Miaka 22 tangu ahitimu, alisema, mimi nilikuwa mtu wa kwanza kutoka chuoni kumtafuta. Siku hiyo sikumwomba chochote. Nilimuuliza alisomaje, alilala wapi, mwalimu gani alimsaidia. Akanieleza jinsi alivyokaa mihula miwili akila mlo mmoja kwa siku kwa sababu pesa ya kujikimu ilichelewa. Leo yeye ndiye anayelipia chakula na malazi ya wanafunzi sita wa famasia kila mwaka. Wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kuandika.

Kwa hiyo ukianza leo, anza kwa kuwatafuta watu wa kila kozi na kila mwaka. Karibu kila darasa lina kundi lake la WhatsApp na katibu asiye rasmi anayejua nani kahamia Gaborone, nani yuko Muscat, nani amefiwa. Mpigie yeye. Lakini usichote namba za watu kwenye kundi na kuziingiza kwenye kompyuta ya ofisi bila wao kujua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu aliyezoea kutunza siri za wagonjwa hatakusamehe ukitawanya za kwake.

Sasa nikueleze ziara moja kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi, mhitimu wetu aliyefanya kazi Botswana kwa zaidi ya miaka 20, alikuwa likizo. Nilimwomba aje chuoni asubuhi moja, bila hotuba wala vitafunwa. Nilimpokea getini, "Shikamoo Dokta," akaniuliza habari za wazazi wangu, tukaanza kutembea. Ofisi ya mkuu wa chuo tuliiacha mwisho. Nilimpeleka kwenye chumba cha mafunzo kwa vitendo, saa ambayo wanafunzi wa ukunga walikuwa kazini.

Mwalimu alikuwa anafundisha namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa mdoli wa NeoNatalie, ule unaojazwa maji ili uwe na uzito wa mtoto wa kweli. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni hadi mlangoni. Dokta alisimama pembeni kwa muda, kisha akaomba nafasi. Akavua saa, akakiinua kidogo kidevu cha mdoli, akaweka kinyago juu ya mdomo na pua, akakishika kinyago kwa vidole viwili na gumba, akaanza kuminya mfuko wa hewa. Kifua cha mdoli kikapanda. Akamwachia binti aliyekuwa mbele ya foleni, naye akaminya, kifua hakikupanda. Dokta akausogeza mkono wa binti sentimita moja tu. Kikapanda. Wakunga huiita dakika ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa dakika ya dhahabu, kwa sababu mtoto asiyelia anatakiwa awe amesaidiwa kuvuta hewa kabla haijaisha. Pale chumbani nilimwona binti yule akielewa maana yake mikononi.

Tulipotoka Dokta aliuliza, "Midoli hii mnayo mingapi?"

"Miwili."

"Na wanafunzi?"

"Themanini kwa mwaka."

Hakusema kitu mpaka tulipofika kwenye mwembe ulio mbele ya maktaba. Hapo akanieleza kuhusu usiku mmoja wa ukufunzi wake kama daktari tarajali, na mtoto ambaye hakumwahi. Sitayaandika hapa, ni yake. Ila tangu hapo nilijua anachokijali, na nilijua kwamba ningemwomba fedha saa ile ningekuwa nimemdhulumu.

Nilisubiri miezi minne. Katikati nilimtumia mambo mawili tu: bei halisi za vifaa kutoka kwa wasambazaji watatu, na mpango wa mwalimu wa ukunga wa jinsi chumba kingetumika wiki nzima. Desemba alipokuja kwao Moshi, kama Wachaga wengi wanavyorudi nyumbani mwisho wa mwaka, niliomba nimtembelee yeye na mumewe baada ya sikukuu. Sisitizo langu hapa: mwombe mtu akiwa na mwenzake. Fedha ya namna hii ni ya nyumba nzima, na mwenza aliyeisikia kwa mara ya kwanza baada ya ahadi kutolewa ana haki ya kuikataa.

Nilisema hivi: "Dokta, shemeji, naomba mfikirie kutoa shilingi milioni 96 kwa miaka mitatu, yaani 32 kila mwaka, ili chumba kile kipate midoli 12, vitanda viwili vya kuzalia, na mkunga mwalimu wa kukisimamia." Kisha nikanyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Ulimi unataka kupunguza, "au hata nusu yake, au chochote mtakachojaliwa." Usiufungulie. Ukitaja kiasi kwa heshima na sababu yake, mwache mtu awaze. Na usiseme "chochote" kwa mtu uliyemwandalia hesabu. "Chochote" kinamweleza kwamba hujui unachohitaji.

Mumewe ndiye aliyevunja ukimya. Aliuliza nani atakitunza chumba mwaka wa nne, pesa yao ikiisha. Ni swali zuri, na ole wako ukifika bila jibu. Sisi tulikuwa na barua ya chuo inayoahidi kuingiza mshahara wa mkunga yule kwenye bajeti. Walikubali baada ya wiki mbili.

Wengi wataniambia watu wetu hawana fedha za namna hiyo, na wanaotoa kweli wako Marekani. Yaliyotokea huko yanaunga mkono ninachosema. Michael Bloomberg, bilionea wa Marekani, alihitimu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964, na mchango wake wa kwanza kwa chuo hicho ulikuwa dola 5. Mwaka 2018 alikipa dola bilioni 1.8 za kuwasaidia wanafunzi wenye uhitaji, na 2024 akaongeza bilioni 1, ambayo imewaondolea ada wanafunzi wa udaktari wanaotoka kwenye familia zenye kipato cha chini ya dola 300,000 kwa mwaka. Kati ya zile 5 na bilioni kuna zaidi ya nusu karne ambayo chuo hakikumpoteza. Kwa hiyo mhitimu anayekutumia shilingi 20,000 kwa simu apokelewe kwa jina, apewe risiti, na ashukuriwe wiki hiyo hiyo.

Mwaka huo huo wa 2024 Ruth Gottesman alitoa dola bilioni 1 kwa chuo cha udaktari cha Albert Einstein, Bronx, jijini New York, ili wanafunzi wasilipe ada. Hakuwa amesoma pale, alikuwa amefundisha. Fedha ilitokana na hisa alizoachiwa na marehemu mumewe, na hakutaka chuo kibadilishwe jina kwa ajili yake. Nilipoisoma habari ile nilikwenda kutafuta orodha ya walimu wetu wastaafu. Hatukuwa nayo. Sasa ipo, na kila mwaka tunawaalika kwenye mahafali na kuwakalisha mbele.

Kuhusu majina, lakini, nisieleweke vibaya. Wapo wanaotaka jina, na si dhambi. Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, akafariki mwaka 1897, na fedha zake ndizo zilizoanzisha hospitali iliyotangulia Muhimbili. Leo hii ndugu wa mgonjwa akiuliza, anajibiwa, "Amelazwa Sewahaji," yaani jengo la wodi la Muhimbili lenye jina lake. Jina limedumu zaidi ya karne kwenye midomo ya watu wasiojua hata alikuwa nani. Mhitimu akitaka jina la mama yake mlangoni, mpe, ila liandikwe kwenye mkataba: ni chumba gani, kwa muda gani, na itakuwaje jengo likibomolewa.

Kukataa nako ni sehemu ya kazi. Kila mwaka napigiwa simu na mhitimu aliye Marekani anayetaka kututumia mashine ya utrasaundi iliyostaafishwa hospitalini kwake. Anatoa kwa moyo safi. Lakini mashine inaweza kuwa ya volti 120 wakati kwetu ni 230, vipuri vyake havitengenezwi tena, na kuiingiza nchini kunahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Namweleza ukweli, namshukuru, kisha namuuliza kama gharama ya kusafirisha kontena angeitoa kwa ajili ya kutengeneza mashine tulizonazo. Baadhi hukubali. Na akija mtu na mchango mkononi na jina la mwanawe anayetafuta nafasi ya udaktari, mrudishie siku hiyo hiyo. Udahili una taratibu zake chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, na mwanafunzi aliyeingia kwa fedha ya baba yake atakuja kumshika mgonjwa.

Fedha ikikubaliwa, isikwame njiani. Chuo cha umma hupokea kwa kumbukumbu namba, ile "control number" ya malipo ya Serikali, na hapo mhitimu aliye London au Muscat mara nyingi hukwama. Kaa na mhasibu kabla, mkubaliane njia ya benki ya kutoka nje, nani atatoa risiti, na fungu gani litapokea ili fedha ya midoli isije ikanunua matairi. Kwa wanaotaka mchango wao uishi, tumeanzisha mfuko wa kudumu: mtaji unakaa kwenye hatifungani za Serikali, yaani tunaikopesha Serikali, za miaka 20 au 25, na riba inayotoka kila miezi sita ndiyo inayolipa ada. Mtaji wenyewe hauguswi na mtu.

Ripoti tunaandika ukurasa mmoja kila Juni: kilichonunuliwa, kilichoharibika, waliofundishwa. Kilichoharibika hakikosekani kamwe, kwa sababu mtoaji ambaye ni daktari anajua vitu huharibika, na ukimficha atashangaa ni nini kingine unachokificha.

Mwaka wa pili wa chumba kile, pamoja na ripoti, nilimtumia Dokta ujumbe wa sauti wa binti yule wa mbele ya foleni, kwa ridhaa yake. Alikuwa sasa ameajiriwa kwenye kituo cha afya mkoani Rukwa. Alieleza kwa sekunde 40 kwamba wiki ile mtoto alizaliwa kimya, akakumbuka ile sentimita moja. Jibu la Dokta liliingia saa tano usiku. Aliuliza kama kituo kile kina umeme wa uhakika usiku, na kama namfahamu mhitimu yeyote wa darasa lake anayeishi Sumbawanga.