Gesi ya AC haiishi kama dizeli

Mafundi, habari za kazi. Nina Hilux ya dizeli, nafanya safari za Urambo na Tabora mjini. AC inatoa upepo wa moto. Mwezi wa saba nilijaza gesi, ikapoa wiki tatu. Mwezi wa tisa nikajaza tena, ikapoa siku nne tu. Sasa naambiwa kompresa imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli? – Msomaji, Urambo

Usitoe hela ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, bado. Gesi ya AC haichomwi na injini. Inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka na miaka. Ikipungua kiasi hicho, kuna mahali inatoka, na kuijaza bila kuziba ni kuchota maji kwa pakacha. Wiki tatu, kisha siku nne: tundu lako linazidi kupanuka.

Hiyo kompresa "iliyokufa" huenda inalindwa tu. Gesi ndiyo inayobeba oili ya kompresa, kwa hiyo ikishuka sana swichi ya presha hukata umeme wa klachi (sumaku inayoiunganisha kompresa na puli) makusudi. Washa injini, fungua AC, tazama mbele ya kompresa. Kama puli inazunguka lakini sahani ya mbele imetulia, klachi haijashika. Angalia fyuzi, badilisha rilei na nyingine ya aina ileile, kisha pima umeme kwenye plagi ya klachi. Umeme haufiki? Rudi kwenye presha na swichi. Unafika, volti 12 na zaidi, na bado haishiki? Chomoa plagi upime koili: omu 3 hadi 5 ni nzima, isiyosoma kitu imekatika. Nafasi kati ya sahani na puli iwe takriban milimita 0.35 hadi 0.65. Ikizidi, klachi hushika asubuhi na kuachia ikipata moto. Mara nyingi dawa ni kutoa washa (kipete cha chuma) moja nyembamba nyuma ya sahani, siyo kompresa mpya.

Sasa gesi. Gari likiwa limelala usiku kucha, geji zote mbili za fundi, ya presha ya chini na ya juu, zisome sawa: kwa R134a, aina ya gesi ya AC, ni kama psi 80 kwenye nyuzi 25, na karibu 97 kwenye nyuzi 30. Ukikuta 30, mfumo uko karibu mtupu. Lakini ukikuta 80 usishangilie, maana mfumo wenye nusu ya gesi na uliojaa husoma presha ileile gari likiwa limezimwa.

Kutafuta tundu, vumbi la Tabora safari hii linakusaidia: gesi ikivuja hutoka na oili, na vumbi hunata pale pale. Tafuta doa jeusi lenye mafuta kwenye maungio ya mipira, sili ya mbele ya kompresa na sehemu ya chini ya kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) inayopigwa mawe. Vali za kujazia, chini ya vifuniko vyake, zipake povu la sabuni. Ni tundu la bei rahisi kuliko yote na ndilo linalosahaulika. Usipoona kitu, fundi ajaze naitrojeni hadi psi 150 na kupaka povu kila kiungo. Asitumie oksijeni ya kuchomelea hata siku moja: ikikutana na oili yenye presha inalipuka. Upepo wa kompresa ya matairi nao unaingiza maji.

Kiungo kilichofunguliwa kiwekewe oringi mpya ya AC, ipakwe oili ya kompresa, siyo grisi. Draya, kichujio kinachonyonya unyevu, ibadilishwe. Kondensa ikibadilishwa, ongeza oili takriban mililita 40, ya aina iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kompresa.

Kisha vakyumu, yaani pampu inyonye hewa na unyevu wote, dakika 30 hadi 45. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo geji itaishia karibu inchi 26, siyo 30 ya vitabuni. Wapo wanaobadilisha pampu nzima kwa kuifukuza hiyo 30. Funga vali, subiri dakika 20. Mshale ukipanda, tundu bado lipo au kuna unyevu.

Gesi ijazwe kwa mizani, gramu zile zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kujaza "mpaka bomba litoe jasho" ndiko kunakozidisha, na gesi ikizidi upepo unakuwa wa moto vilevile. Injini ikiwa mizunguko 1,500 na hewa ya nje nyuzi 30, geji ya presha ya chini isome psi 25 hadi 40, ya juu 200 hadi 250.

Pikapu yangu inapoa ikiwa barabarani, lakini nikisimama Mwanga sokoni inatoa joto. Gesi imepimwa, ipo sawa. – Msomaji, Kigoma

Kondensa haipati upepo. Mwambie mtu aimwagie maji huku AC inafanya kazi. Ubaridi ukirudi, umepata jibu. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu, ukisukuma uchafu kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi yake. Kisha zima injini ikiwa ya moto na zungusha feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe raundi kadhaa, klachi ya feni imeisha.

Bomba nene la AC ni baridi kabisa, ndani bado moto. – Msomaji, Kaliua

Basi AC ni nzima. Hita inachanganya. Bana mpira wa maji ya moto unaoingia kwenye hita. Hewa ikipoa, tengeneza kebo au vali ya hita.

Fundi anasema gesi ya kupikia inapoza na ni rahisi. Nikubali? – Msomaji, Nzega

Inapoza, ndiyo maana watu wanashawishika. Lakini evaporeta, kile kipoza hewa, iko ndani ya dashibodi. Ikivuja, gesi inayowaka inaingia ulipokaa, na cheche za mota ya feni ziko humo humo. Kama umeshajaziwa, usiwashe AC, na mwambie kila fundi kabla hajafunga geji zake.