Kwa nini mzee hakuanzishiwa dawa mpya ya moyo wodini?

SWALI: Habari za kazi kaka mfamasia. Niko Columbus, Ohio, baba ana miaka 71, ana Medicare, ile bima ya serikali ya wazee. Mwezi uliopita alilazwa, miguu imevimba mpaka viatu haviingii, usiku hawezi kulala chali, wakasema moyo unasukuma damu kidogo. Siku tano wakamtoa maji akapata nafuu. Daktari mmoja kijana alituambia Entresto ni nzuri kuliko lisinopril anayokunywa, lakini hakuna aliyempa, tumeruhusiwa na lisinopril ile ile na kuambiwa tumuone daktari wa moyo baada ya wiki 6. Je wametubagua kwa vile sisi wageni, au dawa yenyewe si nzuri?

JIBU: Pole sana dada, na mzee mpe shikamoo yangu. Dawa ni nzuri. Utafiti uliotoka 2014, wagonjwa zaidi ya 8,000, uliilinganisha na enalapril ambayo ni ndugu wa hiyo lisinopril ya baba, na kwa waliopewa mpya, vifo vya moyo na kulazwa kwa ajili ya moyo, ukivihesabu pamoja, vilipungua kwa asilimia 20. Marekani ikairuhusu 2015.

Kuhusu kubaguliwa, sikuwepo wodini siwezi kukuapia. Ila hata mzaliwa wa hapo hapo Ohio angeweza kutoka na karatasi kama hiyo, maana tatizo kubwa ni hela inavyotembea. Tangu 1983 Medicare hailipi hospitali kidonge kwa kidonge. Mgonjwa akilazwa wanaangalia ugonjwa wake na ukali wake, hospitali inapewa hela ya mkupuo basi, humo humo kuna dawa, chakula, manesi, kitanda, ikibaki ni yao ikipungua wanajazia wenyewe. Sasa lisinopril ni senti tu, na Entresto ilipoingia sokoni ilikua kama dola 12 na nusu kwa siku. Kamati ya dawa ya hospitali ikikaa inaona gharama iko mfukoni kwao leo, ila faida yake, yaani mzee kuvuta mwaka mwingine bila kulazwa, haiji kwao. Na akishavuka mlango, vidonge vinalipwa na mfuko mwingine kabisa, ule wa Part D, yaani upande wa Medicare wa dawa za kunywa nyumbani, wenye fomu zake na ruhusa zake. Kwa hiyo kila mtu anasema huyo mwenzangu ataanzisha, na mgonjwa anabaki katikati na dawa ya zamani. Hili linaniuma sana kusema kweli.

Serikali iliona shida, mwaka 2012 ikaanza kuzikata hela hospitali ambazo wagonjwa wao wa moyo wanarudi kulazwa ndani ya siku 30 kupita kiasi, makato yanafika mpaka asilimia 3 ya malipo ya Medicare. Imesaidia kiasi watu wakaanza kufikiria mgonjwa akifika nyumbani itakuaje, lakini siku 30 ni chache, dawa hii mtu anainywa miaka. Mimi naona mpango wenye akili zaidi ni ule wa 2016 ambapo bima za Cigna na Aetna zilikubaliana na Novartis, wenye dawa, kwamba bei iende na matokeo, wagonjwa wakiendelea kulazwa sana kampuni inapata kidogo.

Kwako wewe cha muhimu ni kwamba bei sio ile tena. Kuanzia Januari 2026 bei iliyojadiliwa na Medicare ni dola 295 kwa mwezi, wakati 2023 bei ya orodha, yaani ile ya kampuni kabla ya punguzo, ilikua 628, na toka 2025 zipo dawa hiyo hiyo za makampuni mengine zisizo na jina la Entresto. Wiki 6 ni mbali mno, aliyetoka kulazwa kwa moyo anatakiwa aonwe ndani ya wiki 1, ikizidi sana 2, kwa hiyo piga simu kesho, waambie ametoka wodini na unataka nafasi ya mapema. Uliza hivi, kuna sababu ya kitabibu baba asibadilishiwe? Maana inaweza kuwepo kweli, presha ikiwa chini sana au figo au potasiamu haziko sawa. Wakikubali, msianze wenyewe nyumbani, lisinopril lazima iachwe saa 36 kabla ya kidonge cha kwanza, zikikutana uso na ulimi vinaweza kuvimba akashindwa kupumua.

Wakati mnasubiri mpime uzito kila asubuhi kabla hajala, ukiongezeka pauni 3 kwa siku moja au 5 kwa wiki piga simu siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya miadi.