Anashikiliwa kwa mikono mingapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Umezuka ubishi kati yangu na mwenzangu kazini. Yeye anasema mahabusu, rumande, kizuizini na jela ni majina manne ya kitu kimoja. Mimi nasema kila moja lina mahali pake. Nani yuko sahihi? Na mtu ambaye habari zimesema "anashikiliwa na polisi", huyo yuko wapi kati ya hapo?

JIBU: Marahaba. Uko sahihi wewe, ila mwenzako umwambie kwa upole. Hayo manne nitayapitia mbiombio, maana sentensi yako ya mwisho imenitonesha kidonda cha siku nyingi, na hapo ndipo nitakapokaa.

Mahabusu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu wala si mahali: ni aliyefungiwa. Kiswahili kikambana zaidi, akawa aliyefungiwa lakini hajahukumiwa. Akishahukumiwa kifungo ni mfungwa. Baadaye watu wakazoea kusema "yuko mahabusu", mtu akageuka chumba, na sina ugomvi nalo. Rumande tumeitoa kwa Waingereza, nao waliitoa kwenye Kilatini cha kurudisha: kesi imeahirishwa, mshtakiwa arudi alikotoka. Anayesema "amerudishwa rumande" amemrudisha mara mbili, lakini nani anasikia tena? La kukumbuka ni kwamba rumande hutaka hakimu. Selo ya kituo cha polisi si rumande. Kizuizini huwekwa mtu kwa amri ya serikali bila kesi, kama ilivyoruhusu ile sheria ya Tanganyika ya mwaka 1962. Jela ni ya aliyehukumiwa, nayo ni ya Kiingereza ambacho kiliokota neno hilo kwa Wafaransa, na ukichimba chini kabisa unalikuta tundu la wanyama. Gereza ni jela hiyo hiyo iliyovaa suti, ila wengi hulitoa kwenye igreja, kanisa kwa Kireno. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuja kuwa gereza la Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Padri na nyapara chini ya neno moja. Tuendelee.

Sasa huyu anayeshikiliwa.

Nenda zahanati siku ya chanjo. Mtoto ameiona sindano na ameshaelewa. Anajipinda kama kambale, mguu mmoja umemtoka mama, na muuguzi anasema bila kuinua macho: "Mama, mshikilie." Hakusema "mshike", kwa sababu mama alikwisha kumshika tangu nyumbani. Alisema mshikilie: mkaze, usimwachie, vumilia hivyo hivyo mpaka nimalize. Ndiyo kazi ya huo mkia wa -ilia. Ukifuata, umekwenda nyuma ya mtu. Ukifuatilia, hutaki kumpoteza. Ukipiga sakafu umeipiga mara moja ukaondoka. Ukipigilia, jasho linakutoka. Shikilia ni kitenzi cha misuli. Kina vidole ndani yake, na vidole huchoka.

Halafu nafungua habari za jioni: "Polisi wanawashikilia watu 12 kwa tuhuma za wizi wa mifugo."

Kumi na wawili! Yule mtoto wa zahanati ana kilo tisa, na mama peke yake hakumuweza. Mwizi wa ng'ombe aliyeshiba hashikiliwi na askari mmoja. Tuseme wawili, mmoja kila upande. Hao ni askari 24, usiku kucha, mikono imekufa ganzi. Nani anaandika maelezo? Simu ya kituo inalia, nani ataipokea? Na ng'ombe je, nao wameshikiliwa au wamefungwa tu kamba kama ng'ombe wengine? Habari inaendelea kusema kwamba watuhumiwa "wataendelea kushikiliwa hadi upelelezi utakapokamilika", na hapo namwonea huruma askari kuliko mtuhumiwa.

Najua neno lilikotoka. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha kushika kinachofanya kazi ya punda: kinashika kikombe, kinafanya mkutano, kinasubirisha mtu kwenye simu, kinamweka mtu selo. Mwandishi wetu ana taarifa ya Kiingereza mkononi na dakika tano, basi anashika kamusi na kamusi inamshika yeye. Ndivyo tulivyopata wanariadha "wanaoshikilia rekodi" na timu "inayoshikilia nafasi ya pili", kana kwamba nafasi ya pili inataka kuruka. Ndugu yake wa karibu ni "yuko nyuma ya nondo", nao ni Uingereza mtupu. Simama ndani ya selo uangalie nje, kisha uniambie aliye nyuma ya nondo ni nani.

Wapo wanaoitetea. Husema "kukamatwa" kunamhukumu mtu mapema, na "kushikiliwa" kuna adabu. Adabu gani? Kuku hukamatwa kila siku na hana kosa lolote. Kukamatwa hakusemi umefanya, kunasema umepatikana. Kama shaka ni juu ya kosa, neno "tuhuma" lipo kwenye sentensi hiyo hiyo na linalipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Tena, utani pembeni, hiyo adabu ndiyo inayonikera kuliko mikono. Kukamatwa kuna wakati wake: saa fulani, mahali fulani, mkono ulimgusa bega. Kabla yake alikuwa huru, baada yake hayuko huru. Kushikiliwa hakuna mlango wa kuingilia. Unamkuta mtu tayari yumo katikati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ukitoa nafasi ya siku ambazo mahakama hazikai. Saa hizo zinahesabiwa tangu akamatwe. Ukiandika "alikamatwa Jumatatu", msomaji ana vidole, atahesabu. Ukiandika "anashikiliwa", ahesabu kuanzia wapi? Mtu anaweza kushikiliwa wiki nzima magazetini na kila siku ikasomeka kama siku ya kwanza.

Na si kwamba tuna ukame wa maneno. Amekamatwa. Ametiwa nguvuni. Ametiwa mbaroni. Yuko lokapu. Wazee wangesema yuko korokoroni, neno ambalo ukilitamka polepole unasikia komeo likishuka. Mtaani wanasema "yuko ndani", na sijaona lililo fupi na kali kuliko hilo. Mgonjwa akiwa ndani, yuko chumbani amelala. Lakini sema "Juma yuko ndani" huku ukiinamisha macho, hakuna atakayekuuliza ndani ya nini. Kama unataka neno la ofisini, sema "yuko chini ya ulinzi". Hilo halina vidole.

Haki itendeke: kuna siku moja shikilia inakuwa sahihi kabisa. Kijana kapora simu, watu wamemzunguka, mmoja kamkamata mkanda, mwingine ukosi, na wamesimama naye hivyo juani nusu saa mpaka gari la polisi likafika. Hao walimshikilia. Andika hivyo na nitakupigia makofi. Ila akishapandishwa garini na mlango ukafungwa, kitenzi kishuke.

Basi mjibu mwenzako hivi: anayeshikiliwa, kwa jinsi wanahabari wanavyolitumia neno, kwa kawaida ni mahabusu wa polisi, amekamatwa na hajafika kwa hakimu. Hayuko rumande bado, wala jela. Lakini nisikudanganye kwamba vita hivi nitashinda. Mwaka jana niliandika "walikamatwa" kwenye makala yangu mwenyewe, na ilipochapishwa nikakuta mhariri amenisaidia: "walishikiliwa". Nilimpigia simu. Akaniambia nishikilie kidogo, ana simu nyingine.

Na hiyo shikamoo yako, kama wengi wanavyoieleza, ni "nashika miguu". Waliotangulia walijua kuchagua. Walisema nashika, mzee akaitikia marahaba, miguu ikaachiwa akaenda zake. Wangesema nashikilia, hadi leo ningekuwa nimesimama hapo mlangoni kwako.